Kabla Hujagusa Kontrol Boksi: Jinsi ya Kuchagua Tyuni ya Gari la Turbo

Swali ni lilelile, kinachobadilika ni gari tu. Mwenye Forester XT anauliza atie tyuni gani. Mwenye Golf GTI anataka kujua steji 1 (programu peke yake, bila kubadili vifaa) itamwongezea farasi wangapi. Mwenye Hilux ya dizeli ameona kiboksi kinauzwa mtandaoni, eti unakichomeka dakika tano na gari linapanda mlima kama halina mzigo. Nami huwajibu kwa maswali yanayowakera: unajaza mafuta kituo gani? Unaendesha zaidi Nairobi au Mombasa, Dar au Mbeya? Kompresheni ya injini ilipimwa lini mara ya mwisho?

Sikwepi jibu; jibu lenyewe limo humo. Tyuni ni kubadilisha maagizo yaliyomo kwenye kontrol boksi (kompyuta ya injini): turbo isukume hewa kiasi gani, petroli imwagwe kiasi gani, cheche ipigwe wakati gani. Maagizo hayo huandikwa kwa injini fulani, yenye afya fulani, inayokunywa mafuta fulani, mahali fulani. Ukiyachukua yalivyo bila kupima, umevaa kanzu iliyoshonewa mtu mwingine. Kwa hiyo unachochagua hasa ni mtu atakayeipima injini yako na kuyarekebisha maagizo yaifae. Jina la programu na idadi ya farasi ni mambo ya baadaye.

## Anza na petroli, farasi watafuata

Magari mengi ya turbo yanayotumia petroli hapa kwetu ni mitumba ya Japani. Huko, petroli ya daraja la juu kwa mujibu wa kiwango chao cha JIS haishuki chini ya okteni 96 RON, na vituo vingi huuza ya karibu 100. Impreza WRX, Forester XT na Legacy GT za soko la Japani zilipangiwa mafuta hayo kiwandani. Gari likishuka bandarini Mombasa au Dar es Salaam linaanza kunywa petroli ya kawaida ya pampu zetu, yenye okteni ndogo kuliko hiyo. Kontrol boksi inasikia injini ikigonga, inarudisha taimingi (wakati wa cheche) nyuma, gari linakuwa zito. Wengi wanaokuja kutafuta "nguvu zaidi" kwa kweli wanatafuta nguvu walizozipoteza siku gari lilipojazwa tangi la kwanza huku.

Kugonga ninakokusema ni pale mchanganyiko wa petroli na hewa unapojiwasha wenyewe kabla moto wa plagi haujaufikia. Kishindo chake kinapiga pistoni na kingo za ringi. Mara nyingi hutakisikia, maana eksozi na redio vinakifunika. Kwenye injini ya turbo iliyobanwa sana, vishindo vichache vikali vinatosha kuvunja ukingo wa pistoni.

Basi, kabla ya kuzungumza na fundi yeyote:

- Uliza RON ya petroli ya kituo chako, kisha ubaki na kituo hicho. Kama wahudumu hawaijui, tafuta kituo kinachouza daraja la juu na kutaja namba yake waziwazi.
- Usidanganywe na "93" ya Marekani. Mtego huu umewanasa wengi. Pampu za Marekani huandika wastani wa vipimo viwili vya okteni, siyo RON tupu. Namba 93 yao ni sawa na takriban 97 au 98 RON. Ukinunua programu ya Kimarekani iliyoandikwa 93 ukaitilia petroli ya RON 93, umeipa injini mafuta duni kwa hatua nne au tano. Hata ile programu yao ya 91 inataka RON 95 hivi.
- Chupa za kuongeza okteni zisiwe msingi wa tyuni. Chupa ikikuahidi "pointi" kadhaa, mara nyingi pointi moja ni sehemu ya kumi ya okteni. Nyingine hutumia madini yanayoacha utando mwekundu kwenye plagi.
- Tyuni ipangiwe petroli duni kabisa unayolazimika kujaza. Kama kila Krismasi unaenda kwa wazazi ambako kuna pampu moja tu, hiyo ndiyo petroli yako. Au umwombe fundi akuachie programu mbili, ya mjini na ya safari, ikiwa kifaa chako kinaruhusu kubadilisha.

## Mwinuko na joto: mambo ambayo programu iliyotengenezwa tayari haiyajui

Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, Mbeya vilevile, Eldoret zaidi ya 2,000. Kwenye mwinuko wa Nairobi shinikizo la hewa ni pungufu kwa karibu asilimia 18 likilinganishwa na la pwani. Injini isiyo na turbo inapoteza nguvu kwa kiasi kama hicho. Yenye turbo inaweza kuzifidia, ila kwa gharama: turbo lazima izunguke kwa kasi zaidi.

Piga hesabu. Pwani, ukitaka turbo iongeze baa 1 juu ya hewa ya kawaida, inaubana upepo mara mbili. Nairobi, ukitaka kupata kiasi kilekile cha hewa ndani ya silinda, inabidi iubane karibu mara mbili na nusu. Turbo ndogo kama zile za TD04 zilizofungwa kwenye Forester nyingi hapo inakuwa imefika ukingoni: hewa inatoka ya moto, nguvu haziongezeki, beringi za turbo ndizo zinazolipa.

Upande wa pili una hatari yake. Gari limetyuniwa Limuru kwenye baridi, linavuta vizuri. Mwezi wa pili mwenyewe anateremka Mombasa na familia, AC imewashwa, joto nyuzi 33. Kama shinikizo linadhibitiwa kwa kifaa cha mkono kilichofungwa na fundi, na siyo kwa programu inayosoma hewa ya mahali, sasa injini inapata hewa nyingi kuliko ile iliyopimiwa, tena ya moto. Huko ndiko injini nyingi zinakofia, na lawama huishia kwa petroli ya Voi.

Mwombe fundi akuoneshe kwenye skrini mambo mawili: jedwali la kupunguza shinikizo kadiri hewa inavyokuwa nyepesi, na jedwali la kurudisha taimingi hewa inayoingia inapopata joto. Kama ameyafuta au ameyasawazisha yote kuwa sifuri ili namba zipendeze, chukua ufunguo wako uondoke. Kwa wale wa Tanzania wanaopanda Kitonga na gari lililojaa: mlima mrefu, mwendo mdogo, hewa haba inayopita kwenye intakula (kipoza hewa ya turbo). Hicho ndicho kipimo halisi cha tyuni. Kukimbia sekunde kumi kwenye barabara tupu usiku hakukuonyeshi chochote.

## Je, injini yako inastahili?

Gari la mtumba la miaka minane limeishi maisha ambayo huyajui. Tyuni haitibu ugonjwa; inauharakisha. Fanya haya kwanza, kwa mpangilio huu, na usikubali kuruka:

1. Kompresheni ya kila silinda, injini ikiwa na moto. Usishtuke ukiwa Nairobi na namba zikawa ndogo kuliko za kitabu, mwinuko unazishusha. Linganisha silinda kwa silinda. Moja ikiwa chini ya wenzake kwa zaidi ya asilimia 10 hivi, acha kila kitu utafute sababu.
2. Oili. Pima kwa kijiti, endesha kilomita elfu moja, pima tena. Injini inayokula oili inaipeleka kwenye chumba cha moto, na oili ikichanganyika na petroli inashusha okteni.
3. Kodi za hitilafu. Soma zote, hata zile zilizofutwa zikarudi. Taa ya cheki injini iliyofunikwa kwa utepe mweusi si dawa.
4. Uvujaji wa hewa. Mipira na vibano kati ya turbo, intakula na injini. Gereji yenye mashine ya moshi huupata kwa dakika chache.
5. Plagi na koili. Weka plagi halisi za daraja linalotakiwa. Kariakoo na Kirinyaga Road kuna plagi bandia zenye maboksi mazuri kuliko halisi. Nunua kwa muuzaji unayeweza kumrudia.
6. Pampu na chujio la petroli. Shinikizo la petroli likishuka gari likiwa limebanwa (limekanyagwa mafuta hadi mwisho), mchanganyiko unakuwa hafifu na pistoni zinayeyuka.
7. Rejeta, feni, oili ya giaboksi.
8. Injini na kontrol boksi vinafahamiana? Gari lililowahi kubadilishwa injini kwa hafukati (nusu ya mbele ya gari jingine lililokatwa) linaweza kuwa na injini ya toleo moja na kontrol boksi ya jingine. Linganisha namba kabla programu haijaandikwa.

Mtu ananiambia, "Lakini ukaguzi wote huo utanigharimu kama tyuni yenyewe." Ndiyo. Kama bajeti yako inatosha tyuni peke yake, bado hujawa na bajeti ya tyuni.

## Bidhaa zinazouzwa kwa jina hilohilo la tyuni

Kiboksi cha kuchomeka. Kinakaa kati ya sensa na kontrol boksi na kuidanganya. Kwenye dizeli, kwa kawaida huiambia kwamba shinikizo la reli ya mafuta ni dogo kuliko lilivyo, nayo inaongeza. Kinafungwa upesi na kinatolewa upesi, na hiyo ndiyo sifa yake pekee ninayoikubali. Vile vya bei chee vinavyochomekwa kwenye tundu la kupimia chini ya usukani, vyenye taa ndogo inayowakawaka, aghalabu havifanyi kitu kingine zaidi ya kuwakawaka.

Programu iliyotengenezwa tayari. Kampuni imeiandika kwa injini ya aina yako, nawe unawekewa ilivyo. Kwenye gari la kawaida, lisilobadilishwa kitu, la soko ambalo programu iliandikiwa, inaweza kuwa salama kabisa. Tatizo ni hilo neno "soko." Baadhi ya vifaa maarufu vya Subaru kutoka Marekani havitambui kontrol boksi nyingi za Japani. Uliza namba ya kontrol boksi yako mahususi kabla hujalipa.

Tyuni ya mbali. Fundi yuko nchi nyingine. Unaendesha, unarekodi data kwenye laptopu, unamtumia, anarekebisha, anakurudishia. Ninaipenda kuliko watu wanavyotarajia. Kwa Subaru kuna vifaa vya EcuTek, na kuna RomRaider, programu ya bure ambayo wenye Subaru wameitumia miaka mingi. Inataka uvumilivu: safari kadhaa za kurekodi, mafuta yaleyale, barabara ileile, na mtu wa kukaa na laptopu wakati wewe unaendesha. Usifanye vyote viwili mwenyewe.

Tyuni ya ana kwa ana, barabarani au kwenye daino (mashine ya kupimia nguvu). Bora kuliko zote ikiwa fundi anaijua injini yako. Mbaya kuliko zote ikiwa anaifungua faili, anaongeza asilimia fulani kila mahali na kukuita ulipe baada ya dakika ishirini. Na huyo wa dakika ishirini ndiye mwenye matangazo mengi.

## Gari kwa gari

Subaru za EJ20 na EJ25. Injini hizi zinasamehe mengi isipokuwa kugonga na upungufu wa oili. Za lita 2.5 zinajulikana kwa kuvunjika kingo za pistoni. Baadhi zina vichujio vidogo ndani ya bolti za mirija ya oili inayokwenda kwenye turbo. Vikiziba, turbo inakufa kwa kiu na vipande vyake vinateremka kwenye oili. Vikaguliwe kabla ya tyuni. Kila unapojaza mafuta, chomoa kijiti cha oili. Gia za manyuali za kasi tano hazipendi kuondoka kwa kishindo kwenye taa, hata kabla ya tyuni.

Halafu ile sauti ya "pshhh." Vijana hufunga dampu valvu inayotoa upepo nje. Subaru hizi hupima hewa mwanzoni kabisa mwa njia yake, kwa hiyo kontrol boksi imeshamwaga petroli kwa ajili ya hewa uliyoitupa nje. Kila ukibadili gia injini inakuwa na petroli ya ziada: moshi, plagi nyeusi, gari linakatakata. Ukitaka kelele, nunua spika.

Golf GTI na jamaa zake wa Audi. Lita 2.0 za mwanzo, zile za mkanda, zina kikombe kidogo kati ya kemu na pampu ya petroli ya shinikizo kubwa. Kikitoboka kinakula kemu. Ni kipande cha bei ndogo, kitolewe kitazamwe. Zilizofuata, za cheni, za miaka ya mwanzo zinajulikana kwa kula oili na kwa kikaza cheni dhaifu. Zote zinapulizia petroli moja kwa moja ndani ya silinda, hivyo valvu za kuingizia hewa hujaa masizi. Zisafishwe kabla ya kupima nguvu.

Giaboksi ndiyo inayosahaulika. DSG ya kasi sita yenye klachi za kwenye oili ilipangiwa torki ya Nm 350. Programu nyingi za steji 1 zinaufikia au kuupita mpaka huo, hivyo giaboksi nayo inahitaji programu yake. Ile ya kasi saba yenye klachi kavu, DQ200, mpaka wake ni Nm 250 tu. Golf ya lita 1.4 ya farasi 160 inatoka kiwandani na Nm 240. Imebakiza kumi! Mwenye gari hilo anaponiuliza atie tyuni gani, namwambia asitie.

Toyota za dizeli. Kwenye 1KD ya lita 3.0, iliyomo kwenye Hilux na Prado nyingi, kagua washa za shaba chini ya nozeli. Zikivuja, gesi ya moto inapita kwenye oili, masizi yanaziba chujio lililo ndani ya sampu na injini inakosa oili. Kuongeza nguvu juu ya hali hiyo ni kuchimba kaburi. Kwa 1GD ya lita 2.8, jifunze kwa Toyota wenyewe: mwaka 2020 walipoipandisha kutoka kilowati 130 hadi 150 walibadili pia turbo na kuimarisha pistoni na bloku. Mtu anayekuahidi zaidi ya hapo kwa programu peke yake, muulize yeye ameimarisha nini.

Moshi mweusi kwenye dizeli ni mafuta yasiyoungua na joto la kuchoma turbo. Watu wanaoufurahia kana kwamba ni ishara ya nguvu sijui wamefundishwa na nani.

## Maswali ya kumwuliza fundi

Yaandike kwenye simu, uende nayo.

- Umewahi kutyuni injini hii mahususi, na kwa petroli ya kituo gani?
- Utanipa nakala ya faili ya awali ya gari langu? (Bila nakala hiyo, usikubali kuanza.)
- Utarekodi nini? Jibu la chini kabisa liwe: shinikizo la turbo, taimingi, marekebisho ya kugonga kwa kila silinda kama gari linaruhusu, uwiano wa hewa na petroli, joto la hewa inayoingia.
- Uwiano wa hewa na petroli unaupima kwa sensa gani? Sensa nyingi za kiwandani za magari ya zamani hazioni vizuri gari likiwa limebanwa. Anatakiwa kuwa na yake ya masafa mapana.
- Gari likirudi na tatizo, utarekebisha bure kwa muda gani?
- Kifaa chako cha kuandikia ni halisi au nakala? Nakala za bei chee ndizo zinazoua kontrol boksi katikati ya kazi.

Utashangaa ni wangapi wanakasirika kwenye swali la pili. Kukasirika huko kumekujibu.

## Karatasi ya daino inavyodanganya

Daino hupima nguvu kwenye magurudumu. Mashine nyingi huwa na hesabu ya kusahihisha matokeo yawe kana kwamba ulikuwa usawa wa bahari. Hesabu hiyo ilitungwa kwa injini zisizo na turbo. Turbo imeshafidia sehemu ya mwinuko yenyewe, kwa hiyo ukiitumia hesabu hiyo Nairobi, gari linaongezewa farasi wa karatasini, wakati mwingine kwa karibu sehemu ya tano.

Kwa hiyo usilinganishe karatasi yako na ya mtu wa Dar au wa Japani. Taka vipimo viwili vya mashine moja, siku moja, gia moja, bila usahihisho: kabla na baada. Utazame umbo la mstari kuliko kilele chake. Mstari unaopanda taratibu na kukaa ni rafiki. Unaoruka ghafla kwenye mizunguko 2,500 na kushuka ni rafiki wa muuza klachi.

## Kataa haya hata ukipewa bure

- Milio ya risasi kwenye eksozi. Inapatikana kwa kuchelewesha cheche na kumwaga petroli ili iungulie kwenye bomba. Joto hilo linapita kwenye turbo na valvu.
- Kufungua bomba la eksozi linalotoka kwenye turbo bila programu. Eksozi ikiwa nyepesi, shinikizo linaweza kupanda kupita kiasi kilichopangwa. Bomba na programu viende siku moja.
- Kuondoa masega ya katalisti kwenye eksozi. Gari litanuka, litachafua hewa ya wanao kwenye foleni, na faida yake kwenye steji 1 ni ndogo sana.
- Kuzima kodi za hitilafu. Fundi anayezima taa amekunyima onyo.
- Kuondoa kikomo cha kilomita 180 kwenye gari la Japani. Kenya kikomo cha barabara kubwa ni 110. Na tairi zako ni za mwaka gani? Tazama tarakimu nne za mwisho za alama ya DOT ubavuni: wiki na mwaka. Tairi za mtumba zenye miaka tisa hazijui kwamba umetyuni.

## Siku yenyewe

Kuandika programu ni dakika chache ambazo kontrol boksi haina kumbukumbu kamili. Ikikatishwa katikati inaweza isiamke tena. Kwa hiyo betri ya gari iwe nzima na chaja imara imeunganishwa, na laptopu iwe na chaji yake, kwa sababu umeme wa gereji unaweza kukatika wakati wowote. Zima feni, redio, taa. Hakuna mtu kufungua mlango wala kujaribu switchi. Faili ya awali isomwe na kuhifadhiwa mahali pawili kabla ya herufi moja kuandikwa.

Njoo na tangi lenye mafuta unayotumia kila siku, siyo na lita tano za mafuta maalumu ulizonunua ili kupata namba nzuri.

## Wiki mbili za kwanza

Usiende Naivasha kushindana. Endesha kawaida siku mbili tatu, kisha rekodi mbano mmoja mrefu wa gia ya tatu au ya nne mahali salama, na mwingine kwenye mlima siku ya joto. Tazama haya:

1. Marekebisho ya kugonga. Kidogo hapa na pale huweza kuwa kelele za kawaida. Yanayojirudia kwenye mzunguko uleule ni kugonga kweli. Kwenye Subaru nyingi kuna namba inayoitwa IAM, inayoonyesha kontrol boksi inaziamini kiasi gani taimingi zake. Kwenye mizani ya 0 hadi 1 inatakiwa kukaa 1. Ikishuka, ondoa mguu urudi kwa fundi siku hiyohiyo.
2. Uwiano wa hewa na petroli gari likibanwa. Kwenye EJ za turbo utauona karibu na 11 kwa 1. Ukiona 13 kwenye shinikizo kubwa, acha.
3. Shinikizo linapanda na kukaa, au linapitiliza kwanza ndipo lirudi?
4. Oili na maji, kila asubuhi ya wiki hizo.

Badilisha oili mapema, na baada ya hapo usivuke kilomita 5,000.

## "Lakini..."

"Jirani yangu ana steji 2 mwaka wa tatu sasa, haijafa." Huenda amepata fundi mzuri. Huenda habani. Huenda anaongeza nusu lita ya oili kila wiki bila kukuambia. Omba uone rekodi zake.

"Tyuni itapunguza matumizi ya mafuta?" Dizeli inayobeba mzigo inaweza kupunguza kidogo, kwa sababu inavuta kwenye mizunguko midogo. Petroli ya turbo, kwa mtu aliyelipia ili afurahie, hapana. Mguu utaongezeka uzito.

"Gari ni jipya, lina warantii." Subiri iishe. Mafundi wa wakala wanaweza kuona kuwa programu imebadilishwa hata kama umeirudisha ya zamani. Na kwa gari lolote, soma masharti ya bima yako. Nyingi zinakutaka utaje mabadiliko ya injini, na kunyamaza kunawapa sababu ya kutolipa.

"Nina pesa kidogo, nifanye nini kwanza?" Plagi halisi, kubadili mipira inayovuja, chujio la petroli, petroli ya daraja la juu kwa matangi matatu mfululizo. Kisha endesha. Baadhi yenu mtagundua gari limerudisha uhai wake na hamtaki tena tyuni.

"Nikiliuza nimwambie mnunuzi?" Mwambie, au urudishe faili ya awali kabla hajaja. Ukilikabidhi likiwa na tyuni, mpe faili zote mbili, ya awali na ya tyuni, rekodi za mwisho na jina la kituo ulikokuwa ukijaza mafuta, maana akienda kujaza kwingine hesabu zote zinaanza upya.